Mkono Ulioleta Chai

Mliniacha nimepiga magoti, kikombe mkononi. Kusema kweli bado niko pale pale. Tangu siku ile sijasimama vizuri.

Kwa anayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema haraka haraka. Jina langu ni Fortunée. Jina la bahati, ndiyo, cheka kwanza halafu tuendelee. Baba yangu ni marehemu Gaston Mukupa, yule wa vitabu vya mauaji vinavyouzwa kila soko kutoka Likasi mpaka Kolwezi. Alikufa asubuhi moja nyumbani kwetu Shituru, hapa Likasi. Daktari alisema ni moyo. Miaka yake ya mwisho mikono ilikuwa imekataa kuandika, basi yeye akawa anasema, mimi naandika.

Kwa watu wa baba, upande wa Kapolowe, mtu mkubwa akifa jina lake halizikwi. Wanatafuta mtoto wa dada yake, wanamkalisha kwenye mkeka, wanampaka unga mweupe, anapewa maji, na jina linamwingia. Hiyo ndiyo kupyana. Kuanzia hapo yeye si yeye tena, ni marehemu aliyerudi. Wakamkalisha Didier, ninayemwita yaya, yaani kaka, mtoto wa tantine Suzanne, dada yake baba, mtu ambaye hajamaliza hata kitabu kimoja cha mjomba wake.

Mama yangu Hortense ni wa Kasai. Kwao mtoto wa kuzaa ndiye anayerithi, mambo ya mkeka hayajui. Lakini tangu nizaliwe amesemwa na mawifi kwamba hakunifundisha heshima. Basi siku ile akaninong'oneza: "Piga magoti, mutoto yangu. Basiseme sikukuleaka muzuri."

Nikapiga magoti. Nikatoa maji. Nikasema, "Baba, kunywa."

Vigelegele vikapigwa, simu zikanasa kila kitu. Baraza la familia likakaa hapo hapo na kuamua: mtoto mwenyewe amekwisha kumwita baba, nani atabisha? Didier akapewa vyote avisimamie: nyumba, vitabu, na jina. Nilienda kwa wakili. Aliitazama ile video, akasema sheria iko upande wangu, ila sheria inatembea kwa miguu na familia yangu imepanda pikipiki.

Nilichotaka ni kitu kimoja tu: mama afie katika nyumba yake. Miguu yake imevimba, hatembei bila kushikwa, na hana pengine pa kwenda. Didier alikuwa amesema arobaini ikiisha, mama atoke.

Na nilikuwa na silaha moja. Kitabu cha mwisho cha baba, *Nani Alimuua Salomon?*, kilibaki bila sura ya mwisho. Huyo Salomon ni tajiri mgonjwa anayekufa kitandani kwake, na kitabu kizima Inspekta Tambwe anamtafuta aliyemuua. Mwisho wake baba aliniambia mimi peke yangu.

Haya. Hapo ndipo tulipoachana.

Didier alikuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na mama yake. Akaketi kwenye kiti cha baba, na kofia ya baba kichwani. Kofia ilikuwa kubwa kwake, ikawa inamshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mwana," akaniita. Amenizidi miaka michache tu, huyo baba yangu. "Leta chai."

Nikaleta. Hata baba akiwa hai, Didier alikuja kila Jumapili kwa ajili ya chai yetu, yenye tangawizi na maziwa ya unga. Sikumbuki kama aliwahi kuja kwa sababu nyingine.

"Patron Georges iko nangoya," akasema. Georges ndiye mchapaji wa Lubumbashi anayetoa vitabu vya baba, na alichokuwa anakingoja ni ile sura ya mwisho. "Bantu banamuuliza kila siku, nani aliua Salomon? Sasa uniambie."

"Si weye njo Gaston Mukupa?" nikamjibu. "Kitabu ni yako. Umesahau?"

Tantine Suzanne akaweka kikombe chini. "Fortunée. Ni baba yako njo uko unajibu vile?"

"Pardon, tantine."

"Usiniombe miye pardon. Omba yeye."

Nikamwomba. Mnaona niliposema sijasimama.

Lakini nilikuwa nimejipanga. "Nitasema," nikamwambia Didier. "Kama mama anabakia mu nyumba hii mpaka siku Mungu atamuita. Na uahidi mbele ya patron Georges na mbele ya pasta."

Didier akafikiri, au alifanya kama mtu anayefikiri. "Sawa. Nani aliua?"

"Nimesema mbele ya patron Georges."

Walipoondoka nikaenda chumbani kwa mama. Alikuwa amesikia yote, kuta za nyumba zetu hizi, zilizojengwa na kampuni ya mgodi, hazifichi kitu.

"Mutoto, usicheze na maneno ya baba yako," akasema. "Gaston hakuandikaka uongo. Alikuwa nabadirisha majina tu."

Hiyo si imani ya mama peke yake. Likasi nzima inaamini hivyo, na baba mwenyewe aliipenda ile imani, iliuza vitabu. Wakubwa bado wanasimulia kile kitabu cha mlinzi aliyeuawa kwenye depo: kilipotoka tu, mtu mmoja alihama mtaa na familia yake yote, hakuonekana tena. Polisi walikuwa wameshindwa, baba akawa ameweza. Tangu hapo kitabu chake kikitoka, watu wanakaa kwenye vibaraza kutafuta nani ni nani.

Nami nilijivunia jambo hilo, mjinga mimi.

Georges alifika katikati ya juma na pick-up yake. Pasta Hénoc alikuja, tantine Suzanne alikuja, Didier alikuja na kofia. Nikawapa wote chai. Didier akaahidi mbele yao kwamba mama atabaki. Pasta akaitikia amina. Nikavuta pumzi.

"Hakuna muntu aliua Salomon," nikasema.

Wakaningoja niendelee.

"Alikuwa mugonjwa. Ni moyo. Inspekta Tambwe anazunguka kitabu muzima, anashuku kila muntu, anafunga mujane. Kisha daktari anamuambia, muzee alikufa kifo ya Mungu tu. Inspekta anaenda ku gereza kuomba mujane pardon. Anakuta amekwisha kufa. Njo mwisho."

Georges akakohoa, nikajua ni kicheko kinachotafuta njia. "Mama Fortunée," akaniambia kwa upole, "bantu banalipa juu ya muuaji. Kitabu ya muuaji yenye haina muuaji, ni kama kilio yenye haina maiti."

"Papa alisema ni kitabu yake ya kweli kupita zote."

"Ni mwandishi mukubwa. Lakini alikuwa amechoka."

"Uko unatuchekelea," Didier akasema. "Unaficha muuaji wa kweli. Mapatano imekufa."

"Naapa, yaya. Njo vile alisema."

"Miye siko yaya yako. Niko baba yako."

Nikamgeukia pasta. Mtu wa Mungu alikuwa anakunywa chai yake, macho yamezama kikombeni.

Georges ni mfanyabiashara, hakutaka kurudi Lubumbashi mikono mitupu. Akauliza, bila kumtazama mtu: "Gaston Mukupa ni nani hapa?"

Didier akasimama. Akairekebisha ile kofia. "Njo miye."

"Bon. Basi weye njo utaniambia nani aliua."

Didier akazungusha macho sebuleni kama mtu aliyeulizwa na mwalimu. Alitazama pazia, picha ya baba, kalenda ya kanisa. Mwisho macho yake yakatua kwenye sinia, na vikombe, na birika. Yakakaa hapo.

"Nitakuambia mu njia," akamjibu.

Wakaondoka. Mimi nikaosha vikombe. Silaha yangu ilikuwa imelia kwa mbali tu, haikumgusa mtu, na mama alikuwa bado wa kutolewa nyumbani. Nililia pale kwenye ndoo. Sikujua kwamba ile ilikuwa bado sehemu nzuri ya mwaka.

Kitabu kilitoka upesi kuliko baba alivyowahi kutoa chochote. Georges alikuwa amemtafuta mtu anayejua kuiga mkono wa baba, maana Didier hawezi kuandika hata tangazo la kupotea kwa mbuzi. Jina juu ya jalada lilikuwa lile lile: Gaston Mukupa. Sokoni wakakigombania. Radio ya mtaa ikaanza kukisoma kila jioni.

Mama amekuwa msikilizaji wa kwanza wa vitabu vya baba tangu waoane. Hasomi vizuri, baba alimsomea. Nilitaka kumzimia ile radio. Akanikataza. "Acha nisikie bwana yangu," alisema.

Basi tukasikiliza pamoja, yeye kitandani, mimi chini. Jioni ya sura ya mwisho msomaji alipunguza sauti. Inspekta Tambwe akaingia chumbani mwa marehemu Salomon. Inspekta akainua kikombe, akakinusa. Inspekta akasema: mkono uliomuua Salomon ni mkono uliokuwa ukimletea chai kila asubuhi.

Mama akaizima radio mwenyewe.

"Ile ni uongo ya Didier," nikasema. "Alitazama sinia, miye nilimuona."

"Didier iko na akili ya kusema vile?"

"Georges alilipa muntu."

"Balimupa jina," akasema mama polepole. "Sikuaminiaka ile mambo ya mukeka. Lakini balimupa jina, na weye mwenyewe ulimupa maji. Labda jina njo inasema."

Nikamwambia alale, amechoka. Sikuyatilia maneno yake maanani. Mwanamke aliyecheka mambo ya mkeka maisha yake yote, nilidhani ni huzuni inayomchanganya.

Mtaa nao ulikuwa umesikiliza. Na mtaa unajua kazi yake: kutafuta nani ni nani. Salomon alikuwa mzee, mgonjwa, mwenye jina, aliyefia kitandani asubuhi. Nani mwingine kama si Gaston? Wakasema mzee aliona kifo chake kikija, akakiandika, akabadilisha majina kama desturi yake. Na chai ya mzee, nani anapika? Mke. Hakuna aliyekumbuka kwamba tangu baba akiwa hai mama hakuweza kubeba hata kijiko kutoka jikoni mpaka chumbani. Toka lini watu wanauliza habari za miguu ya mjane?

Kanisani wanawake wakasogea kwenye benchi, tukabaki na nafasi kubwa, mama na mimi, tungeweza kulala pale. Waliokuja kutuona nyumbani niliwakaribisha chai, kila mmoja akasema amefunga. Pasta Hénoc, aliyekunywa vikombe vya baba miaka na miaka, naye amefunga. Shituru nzima ilikuwa imefunga, hata watoto.

Didier hakuja tena kututoa. Hakuwa na haja. Tantine Suzanne alimwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia, kwamba muuaji anatoka mwenyewe.

Mama akaacha kula vizuri. Akaacha na chai. Namletea asubuhi, ananishukuru, jioni nakuta kikombe kimejaa na utandu wa maziwa juu. Siku moja nilimkuta amejivuta mpaka dirishani, anaimwaga nje. Roho iliniuma.

"Kunywa kidogo, mama. Ni ile yenye tangawizi. Papa alipendaka."

Akakitazama kikombe, halafu mimi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Najua alipendaka," akasema. "Weka tu pale."

Nikaweka. Nikaenda zangu kufua, nikimlaani Didier na kizazi chake, bila kukumbuka kwamba kizazi chake ni changu.

Asubuhi ya Jumanne akaja mpelelezi, anaitwa Ruffin, na askari aliyebaki mlangoni. Mtu wa adabu, alivua viatu. Kwapani alikuwa na kitabu. Nilifikiri ni faili mpaka nilipoona jalada. Alikuwa amekunja ukurasa.

"Pole na kilio, mama," akamwambia mama. Nilikuwa nimemleta sebuleni, nimempangia mito, na kikombe chake cha asubuhi nimekishika kumwekea karibu. "Siye tunafanya kazi tu. Familia ya marehemu balishitaki."

"Familia ya marehemu ni siye," nikasema.

"Mama Suzanne njo alishitaki. Dada yake." Akafungua daftari la serikali, akapima kalamu. "Hata miye nilisoma vitabu ya muzee tangu niko kijana. Njo zilinifanya niingie mu polisi. Nitauliza kintu kimoja tu, kisha tutaona kama tunaenda pamoja ao hapana. Muzee, ile siku ya mwisho, na siku zote mbele ya ile, nani alikuwa namuletea chai?"

Sikuogopa. Nawaapia sikuogopa. Nilijua jibu, jibu lilikuwa safi: ni mimi, binti yake, kila asubuhi, tangawizi na maziwa, na daktari alisema moyo. Nikafikiri hatimaye amekuja mtu anayeuliza, sasa ukweli utasemwa na mama atatulia. Nikavuta pumzi nianze.

"Njo miye," akasema mama.

Ruffin akainua kichwa. "Mama anasema?"

"Njo miye. Kila asubuhi. Mutoto hakuingiaka mu ile chumba. Andika vile."

"Mama, unasema nini?" nikasema. "Miguu yako..."

"Nyamaza, Fortunée."

"Hawezi kutembea," nikamwambia Ruffin. "Tazama miguu yake. Hawezi."

"Miguu ilivimba kisha ya kilio," akasema mama kwa utulivu, bila kupepesa macho. Mama yangu ambaye hajawahi kudanganya hata muuza mkaa. "Mbele nilikuwa natembea. Andika."

Ruffin akaandika. Akamwambia basi avae viatu, watamsaidia mpaka kwenye gari. Nikaweka kikombe chini, nikapiga magoti mbele ya mama kumvalisha. Viatu havikuingia, nikafungua mikanda yote. Nilidhani nimeelewa: mama hataki wanichukue, hataki nami nipitie maswali, amejitoa kama mama yeyote angejitoa. Nilitaka kumwambia hakuna haja, mama, sina la kuficha.

Akaniinamia, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika akinisuka nywele.

"Sitakuuliza juu ya nini ulifanya," akaninong'oneza. "Wala Mungu sitamuuliza. Weye ungali kijana, miye nimekwisha. Lakini usinipikie tena chai, mutoto yangu."

Nikabaki chini na kiatu mkononi. Vikombe vyote vile vilivyojaa nikaviona mbele yangu. Si huzuni iliyomfanya mama akatae chai. Mama alikuwa ananiogopa. Mtaa ulikosea mtu, mama hakukosea, maana katika nyumba hii ni yeye tu aliyejua kwamba mkono ulioleta chai ni wangu. Na kwa imani yake, Gaston hakuandika uongo.

"Mama, papa alikufa kifo ya Mungu," nikasema. "Mama, nisikie."

Alikuwa ameshageuza uso.

Askari akaja kumshika mkono wa kushoto. Ruffin alibaki na daftari lake. Alitazama miguu ya mama, halafu kikombe, halafu mimi pale sakafuni. Si mjinga yule mtu. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya baba.

"Fortunée," akasema. "Nitakuuliza mara moja, mbele ya mama yako. Vile amesema, ni kweli?"

Nikisema ndiyo, wanamchukua mama; nikisema hapana, nitakuwa nimesema mkono wa chai ni wangu, na mama atajua kitabu hakikudanganya. Nami nikafungua mdomo.